Kadi ya Majuu, presha ya mama mkubwa na chupa ya laki mbili

Leo nataka tuzungumzie afya, ila kwa upande wa mfukoni. Nani analipia kidonge, analipia kwa pesa ipi, na kidonge chenyewe kinatibu nini? Ukiona maswali mepesi, ngoja nikupe mkasa.

Kwani nani asiyejua kwamba ukiwa na ndugu Majuu, ukoo mzima unakuwa na orodha? Zamani ilikuwa jinzi na raba. Halafu zikaja simu. Siku hizi, bwana wee, orodha imebadilika kabisa: vitamini, mafuta ya samaki, kapsuli za vitunguu saumu, unga wa kolajeni wa kulainisha ngozi, na vile vidonge vya "kusafisha mwili" ambavyo sijapata kuambiwa mwili ulichafuliwa na nini. Wazee wanataka vya magoti, akina dada wanataka vya nywele, mabaunsa wanataka unga wa kutunisha kifua. Kila mtu anajikinga, ila ukimuuliza anajikinga na nini, anakukodolea macho.

Basi na sisi ndugu wa namna hiyo tunaye. Ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko Houston, Texas, anabeba boksi kwenye ghala moja kubwa. Nikisema anabeba boksi simtanii, ndiyo kazi yenyewe. Maboksi yanaingia, maboksi yanatoka, usiku kucha. Mama yake yuko Mbagala, na ana presha ya kupanda kwa miaka sasa. Katikati ya hao wawili niko mimi, mwenye simu yenye bando na Kiingereza cha kidato cha nne, kwa hiyo kila neno la dawa linalovuka bahari linapitia kwangu, kama karani wa posta.

Kisa kilianza pale kaka alipotuambia kwamba kazini kwake wamemwingiza kwenye bima ya afya, na pamoja na bima wamempa kadi. Kadi yenye dola zake mwenyewe, za mambo ya matibabu, na mwajiri naye anaongezea kidogo. Mama mkubwa katika maelezo yote hayo alisikia neno moja tu: kadi. Kesho yake saa mbili asubuhi simu yangu inaita.

"Mwanangu, mwambie kaka yako asihangaike na mshahara wake. Si amepewa kadi ya dawa? Basi aninunulie vile vya kwenye chupa kwa hiyo kadi."

Vile vya kwenye chupa ni virutubisho anavyouza shoga yake wa kikoba. Ni ile biashara ya mtandao, ya kuuza huku unaingiza watu chini yako, na hao nao wanaingiza wengine. Chupa moja laki mbili. Imeandikwa imetengenezwa Marekani, na shoga mtu anasema inakinga presha, sukari, kiharusi na "mambo mengine ya kina mama". Hesabu ya mama mkubwa ilikuwa nzuri tu: kama kitu kimetoka Marekani, na mwanangu yuko Marekani, na ana kadi ya Marekani, kwa nini mimi nitoe laki mbili Mbagala?

Mimi bei haikunishtua sana. Kilichonishtua ni neno alilolitupia mwishoni, kama mtu anayeaga. Eti vile vidonge vya presha alivyopewa hospitali siku hizi anavimeza siku moja, anaruka siku mbili. Shoga yake kamwambia vina kemikali.

Hapo nikaona huu si utani tena. Nikampigia kaka, nikamwambia anisomee masharti yote ya hiyo kadi, na mimi mwenyewe nikakaa kusoma maelezo ya idara ya kodi ya Marekani, ile inayoitwa IRS. Msomaji, nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike leo.

Tuanze na kadi yenyewe. Ile akaunti wenyewe wanaiita HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya. Ilizaliwa na sheria aliyoisaini Rais George W. Bush mwezi Desemba mwaka 2003, na watu wakaanza kuzifungua Januari 2004. Ukitaka kuielewa haraka, ifikirie kama kibubu, ila ni kibubu chenye baraka za serikali.

Baraka zenyewe ni hizi. Pesa unayotia humo haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Ikikaa humo ikazaa, faida yake haikatwi. Ukiitoa kwa matibabu, haikatwi pia. Mwaka ukiisha haifutiki, inakusubiri. Ukiacha kazi unaondoka nayo, ni mali yako. Kwa mwaka 2025 mtu mmoja aliruhusiwa kutia mpaka dola 4,300, na mwenye bima ya familia mpaka dola 8,550.

Umeshaanza kutamani? Subiri. Kibubu hicho hakitolewi peke yake, kinakwenda na bima ya aina moja ambayo makato yake ya mwezi huwa ni nafuu, lakini ukiugua unaanza kujilipia mwenyewe mpaka ufikie kiasi fulani, ndipo bima inaanza kuchangia. Mwaka 2025 kiasi hicho hakikuruhusiwa kuwa chini ya dola 1,650 kwa mtu mmoja, au dola 3,300 kwa familia. Dola 1,650, mwenzangu! Mbeba boksi akivunjika mguu, zile za mwanzo zinamhusu yeye. Kwa hiyo kile kibubu si zawadi. Ni kiraka cha kuziba tundu ambalo bima imeliacha makusudi. Kila dola inayotoka humo kwa mambo ya urembo, ni dola ambayo haitakuwepo siku mguu utakapovunjika.

Na kwa kuwa serikali imekubali kutochukua kodi yake, nayo ina haki ya kukuuliza: pesa yangu umenunulia nini? Hapo ndipo patamu. Orodha ya vinavyoruhusiwa si fupi. Daktari, hospitali, kung'oa na kuziba meno, miwani, insulini, kipimo cha sukari, mashine ya kupimia presha nyumbani. Mwaka 2020, wakati wa korona, wakaongeza dawa za kawaida za dukani bila cheti cha daktari, na taulo za kike. Kwa hilo la taulo nawapa heko.

Lakini vitamini na virutubisho? IRS imeandika wazi kwamba gharama ya matibabu ni ile ambayo lengo lake kubwa ni kupunguza au kuzuia ugonjwa au ulemavu, na kwamba kitu kinachosaidia afya kwa jumla tu hakimo. Wakatoa mifano miwili: vitamini, na safari ya mapumziko. Yaani chupa ya vitamini imewekwa sentensi moja na kwenda kupunga upepo ufukweni! Ukirudi kutoka ufukweni unajisikia vizuri, hakuna anayebisha, lakini huwezi kumwambia mtu wa kodi kwamba ulikuwa hospitali.

Mlango mmoja umeachwa wazi. Kama daktari amekupima, akakukuta na ugonjwa unaojulikana kwa jina, na mtaalamu wa tiba akakuandikia kirutubisho fulani kuwa ndiyo tiba ya ugonjwa huo, basi kibubu kinaweza kulipa. Kwa mfano mtu amepimwa damu ikaonekana ni pungufu kwa sababu ya kukosa madini ya chuma, akaandikiwa vidonge vya chuma. Huyo ana ugonjwa, ana kipimo, ana cheti. Tofauti na mimi na wewe tunaomeza kwa sababu shoga kasema.

Kaka akaniuliza swali la kijanja. "Mdogo wangu, mbona nikichanja kadi mtandaoni kwenye duka la vitamini inaweza kukubali?" Nikamwambia kaka, kadi haina macho. Kukubali kwa mashine si ruhusa ya sheria. Kazi ya kutunza risiti na kuonyesha kwamba ulinunua matibabu ni ya mwenye akaunti. Ukibainika umetoa pesa kwa kitu kisichoruhusiwa, ile pesa inahesabiwa kama mshahara, unakatwa kodi, na juu yake faini ya asilimia 20 kama hujafikisha miaka 65 na si mlemavu. Faini hiyo zamani ilikuwa asilimia 10, ikapandishwa kuanzia mwaka 2011. Tuchukue dola 200 za chupa. Faini dola 40. Kama uko kwenye daraja la kodi la asilimia 12, kodi ni dola 24. Jumla dola 64 zimekwenda na maji, na hapo chupa yenyewe bado hujaifungua.

Sasa sikia ujanja wa mjini, maana wajanja hawapo Kariakoo peke yake. Kaka anaishi na jamaa mmoja wa Mombasa, mbeba boksi mwenzake. Jamaa huyo alikutana na tangazo la kampuni moja, jina nalihifadhi, inayosema usijali, sisi tutakupatia barua ya daktari ili kadi yako ilipie virutubisho. Akajibu maswali kwenye simu: unalala vizuri? Unachoka? Akajibu anachoka. Sasa mtu anayebeba maboksi usiku kucha atajibu nini? Akalipa ada, barua ikaja. Hakupimwa hata joto. Hakuonana hata na nesi. Barua inasema ana tatizo la uchovu, anahitaji vitamini.

Jamaa akawa anatamba nayo kama hati ya kiwanja. Kaka naye akaanza kulegea. "Mdogo wangu, si nami nijibu tu hayo maswali, kisha nimtumie mama?"

Bahati nzuri nilikuwa nimeshasoma. Mwezi Machi mwaka 2024 IRS ilitoa onyo kuhusu mchezo huo huo. Walieleza mfano wa mtu mwenye kisukari aliyeona tangazo kwamba anaweza kununua chakula cha kupunguza sukari kwa pesa isiyokatwa kodi. Akailipa kampuni ada, wakamwandikia barua ya daktari kwa kutegemea maelezo yake mwenyewe tu. Alipopeleka madai, yakakataliwa, kwa kuwa chakula si matibabu. Na huyo alikuwa mgonjwa kweli, wa sukari kweli! Sembuse mchovu wa maboksi.

Halafu kulikuwa na kigingi kingine kikubwa kuliko vyote. Hata barua ingekuwa halali, ile akaunti inalipia matibabu ya mwenyewe, mke au mume wake, na wategemezi wake kwa maana ya sheria ya kodi. Mzazi anaweza kuwa mtegemezi, ndiyo, lakini awe raia au mkaazi wa Marekani, au awe anaishi Canada au Mexico. Mama wa Mexico anaweza kuingia. Mama wa Mbagala hamo. Anaweza kuwa anakula, analala na anatibiwa kwa pesa ya mwanawe kila mwezi, hamo tu.

Kaka alinyamaza kwenye simu muda mrefu mpaka nikadhani bando limekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo mimi ninavyomtumia kila mwezi, kwao hao si kumtegemeza?" Sikuwa na jibu. Wewe ungekuwa nalo?

Ikabaki kazi ya kumwambia mama mkubwa. Kumweleza mzazi kwamba serikali ya nchi alipo mwanawe haimhesabu si jambo la kufanya kwenye simu. Jumapili nikapanda daladala mpaka Mbagala. Shikamoo, marahaba, nikatengewa wali na samaki, na chupa ikaletwa mezani kama mgeni rasmi.

Nikaichukua nikaigeuza. Huku mbele maandishi makubwa, ya dhahabu, picha ya jani na moyo. Huku nyuma, chini kabisa, maandishi madogo kama chawa. Ikabidi nipige picha kwa simu niyakuze. Nikamsomea kwa Kiswahili: maelezo haya hayajapitiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Bidhaa hii haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote.

Mama mkubwa akaweka kijiko chini. "Wala kuzuia?"

"Wala kuzuia, mama."

"Wamesema wenyewe?"

"Wamesema wenyewe, kwenye chupa yao."

"Na shoga yangu anajua?"

Nikamwambia hayo maandishi hata mimi nimeyasoma kwa msaada wa simu, kwa hiyo shoga tumsamehe. Lakini sikuyatunga. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1994 inayohusu virutubisho. Kwa sheria hiyo mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, haikaguzi wala haithibitishi kirutubisho kabla hakijauzwa, kama inavyofanya kwa dawa. Mtengenezaji akitaka kusema bidhaa yake inasaidia moyo au viungo, anaruhusiwa, ila lazima aweke na hayo maneno madogo. Yaani mkono wa kulia unaahidi, wa kushoto unakana. Na maneno hayo yanavuka bahari pamoja na chupa, yanafika Mbagala, yanakaa kabatini, hakuna anayeyasoma.

Usije ukasema mimi nina ugomvi na vitamini. Sina. Vipo vidonge vya namna hiyo vinavyofanya kazi kweli, na hapa kwetu kliniki za wajawazito zinatoa vidonge vya chuma na foliki, na watoto chini ya miaka mitano wanapewa matone ya vitamini A. Lakini angalia vizuri: hapo wanajua nani anapewa, kwa nini, na kiasi gani. Foliki inampunguzia mtoto hatari ya kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Hiyo ni kinga yenye jina, na anayepewa anajulikana.

Kinga isiyo na jina inaweza hata kukuumiza. Huko Finland waliwahi kuwapa wanaume wavuta sigara, zaidi ya 29,000 kwa jumla, vitamini E na beta-karotini, ile rangi ya karoti inayogeuka vitamini A mwilini, wakitumaini itawakinga na saratani ya mapafu. Majibu yakatoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini ndio waliougua zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nao walikuwa na jaribio linalofanana na hilo. Wakalisimamisha kabla ya wakati, Januari 1996, kwa sababu waliokuwa wanameza walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Karoti, mwenzangu! Kitu cha sokoni, kikitiwa kwenye chupa kwa wingi na kupewa mtu asiyestahili, kikageuka.

Hayo ya Finland sikumwambia mama mkubwa, ningemwogopesha na karoti za kwenye pilau. Nilimwambia jambo moja tu. "Mama, kesho twende kliniki tukapime. Kama chupa imefanya kazi, mashine itasema."

Jumatatu tukaenda. Nesi akamfunga kile kitambaa mkononi, akapima mara moja, akamwambia apumzike, akapima tena. Akaandika 170 kwa 105. Akamtazama mama mkubwa, akauliza taratibu, "Mama, dawa unameza kila siku?" Mama mkubwa akaangalia dirishani. Nesi hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba presha haina kelele, na kiharusi hakitumi barua kwanza. Akamrudisha kwenye vidonge vyake, kimoja kila siku asubuhi, na tarehe ya kurudi.

Na bei? Vidonge vyake vya mwezi mzima havikufika hata robo ya chupa moja. Akivimeza vizuri, ile laki mbili ingemnunulia vya miezi kadhaa. Hiyo hesabu mama mkubwa aliifanya mwenyewe, njiani, kwa sauti ya chini, akihesabu kwa vidole.

Kaka naye huko Houston akafanya la maana. Akatoa kwenye mshahara wake, si kwenye kadi, akatuma pesa ya mashine ya kupimia presha, tukainunua hapa hapa mjini. Sasa kila asubuhi namba zinaandikwa kwenye daftari. Na kadi nayo akaipa kazi yake halali: kwa kuwa presha ni ya ukoo, akanunua mashine ya kwake mwenyewe, na kwa kibubu hicho hiyo inaruhusiwa kabisa. Kisha nikamwambia jambo ambalo hakuwa analijua. Kwa sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010, ile ya Rais Obama, bima nyingi za kule zinatakiwa kulipia huduma kadhaa za kinga bila kumdai mgonjwa hata senti, na kupima presha kumo, chanjo zimo. Yaani kinga ya kweli alikuwa amelipiwa tayari, na miaka yote hiyo alikuwa hajaenda kuichukua! Akaenda. Daktari akamwambia yake iko ukingoni, apunguze chumvi na zile soda za ghalani.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yamekuwa mazuri. Mama mkubwa na shoga yake walinuniana wiki mbili nzima, na kwenye kikoba wakawa wanakaa mbali mbali. Shoga mwenyewe namhurumia. Alikopa pesa ya kununua mzigo ule, na anadaiwa. Na yule jamaa wa Mombasa bado ana barua yake, bado anameza, na bado anachoka, kwa sababu dawa ya kubeba maboksi usiku kucha ni kulala. Hata ile chupa ya Mbagala haijatupwa, ipo kabatini karibu na redio. Nilipomuuliza mama mkubwa anaingoja nini, akajibu, "Laki mbili hiyo mwanangu, nitupeje?"

Sasa turudi kwetu vijana wa mjini. Hapa Bongo hatuna kibubu cha namna ile. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na hilo ni jambo la kheri, lakini pesa yetu ya dharura ya ugonjwa wengi wetu bado iko pale pale: kwenye simu, kwenye kikoba, au kwa rafiki anayekudai na wewe unamdai. Hakuna mtu wa kodi atakayekuja kukuuliza risiti. Ukiamua akiba yako yote iende kwenye unga wa kolajeni, hakuna faini ya asilimia 20. Faini yake utailipa siku ya kulazwa, tena kwa fedha taslimu, na utailipa kwa kuchangisha kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa hiyo mimi nimeamua kuliazima swali la wale wakali wa IRS, na naomba na wewe uliazime, ni bure. Kabla hujatoa pesa ya afya kwa kitu chochote, jiulize: huu ugonjwa ninaotibu au kuzuia unaitwaje, na nani amenipima akasema? Kama una jibu, nunua, tena usibane. Kama jibu ni "aa, ni kwa ajili ya afya tu", basi jua unanunua starehe. Na starehe si dhambi! Nunua tu, ila kwa pesa ya starehe, ile ya viatu na chipsi kuku. Usiiguse ya kliniki.

Na kama nyumbani kwenu yupo mzazi mwenye presha au sukari, wiki hii fanya jambo moja dogo. Usimuulize anameza nini. Wazee wetu ni watu wa heshima, watakujibu unachotaka kusikia. Mwombe akuletee dawa zake zote mezani, za hospitali na za kwenye chupa, uzihesabu naye. Pakiti haina haya. Kama leo ni tarehe 20 na vidonge vya mwezi bado viko nusu, umeshapata jibu lako, na kliniki inafunguliwa Jumatatu asubuhi.